Umepata ajali ukienda kazini Ujerumani? Hiyo ni ajali ya kazi, fanya hivi usipoteze haki yako

Wadau, hii naiandika kwa wote mlioko Ujerumani na mnaojiandaa kuja, manesi, maazubi (wanaosomea ufundi huku wanafanya kazi) wa hoteli na jikoni, wanaofanya maghalani, wanaosambaza vifurushi, hata wewe unayesoma chuo na kupiga kibarua cha saa chache kwa wiki. Na tunazidi kuwa wengi, hasa tangu Kenya na Ujerumani zisaini makubaliano ya ajira pale Berlin tarehe 13 Septemba 2024, kwa hiyo tuambiane mapema. Ukitoka nyumbani kwenda kazini ukapata ajali njiani, au ukapata ukiwa unarudi, kwa sheria ya huku hiyo inahesabika ajali ya kazi. Wenyewe wanaiita Wegeunfall. Sio huruma ya bosi wala bima uliyojinunulia, ni sheria, na ni ya siku nyingi, bima ya ajali kazini iliwekwa 1884 enzi za kansela Bismarck na safari ya kwenda na kurudi kazini ikaingizwa 1925.

Sasa tatizo letu liko wapi. Wengi tumekulia kwenye mazoea kwamba kazi inaanzia getini, huko barabarani ni shauri yako na Mungu wako. Kwa hiyo mtu anateleza kwenye barafu saa kumi na moja alfajiri akiwahi shifti ya asubuhi, mkono umevunjika, anafika hospitali anatoa kadi yake ya bima ya afya, anaulizwa imekuwaje anajibu tu "nimeanguka barabarani", na inaandikwa hivyo hivyo, ajali ya binafsi. Baada ya miezi mkono haujanyooka vizuri ndio anaanza kuulizia haki zake, na kwenye faili la siku ya kwanza hamna neno hata moja linalosema alikuwa anaenda kazini. Inarekebishika, ila ni mzunguko mrefu na unachosha. Ndio maana nasema kesi hizi zinashinda au kufa kwenye yale masaa ya mwanzo, kwa maneno unayoyasema pale mapokezi.

Kwanza ujue kama unalindwa. Kama umeajiriwa, unalindwa, tena kuanzia siku ya kwanza. Azubi yumo, aliyeko kwenye kipindi cha majaribio yumo, wa minijob (kibarua cha malipo madogo) yumo, wa mafunzo kazini yumo, wanaojitolea kwenye mipango ya huduma ya jamii ya FSJ na BFD wamo. Mwanafunzi wa chuo anayeenda kwenye vipindi naye ana kinga yake. Hata yule ambaye bosi hakumsajili kabisa, anamlipa mkononi, naye sheria inamlinda, bosi ndiye atakayebanwa. Usitafute makato ya hii bima kwenye karatasi ya mshahara, hutayaona, sababu mchango wote analipa mwajiri. Walioko nje kwa kawaida ni waliojiajiri, na hapa muwe makini nyie mnaosambaza vitu, soma mkataba wako unasema umeajiriwa au wewe ni mfanyabiashara huru, kama ni huru usidhani kinga inakuja yenyewe, inategemea kanuni za bima ya ajali ya sekta yako, waulize mapema. Na dada zetu na kaka zetu wa au pair, mnaoishi na familia na kuwasaidia watoto, mko tofauti pia, nyie familia mwenyeji ndiyo inatakiwa iwakatie bima ya ugonjwa na ya ajali, dai uione hiyo karatasi kwa macho yako.

Haya, safari inaanzia wapi? Inaanzia kwenye mlango wa nje wa jengo unaloishi. Sio mlango wa chumba chako, sio mlango wa apatimenti, ni ule mkubwa wa chini unaotokea nje. Ukidondoka kwenye ngazi za ndani ghorofa ya tatu ukikimbilia tramu, hiyo haihesabiki, ni mambo ya nyumbani. Ukishavuka mlango wa nje, ukateleza hata hatua mbili mbele kwenye theluji, inahesabika. Naona ni mstari mkali sana lakini ndio mahakama zao zilivyouchora na wanaufuata, kwa hiyo ukielezea ajali sema waziwazi ulikuwa umeshatoka nje ya mlango mkuu, kama kweli ulikuwa umetoka. Upande wa pili safari inaishia unapoingia eneo la kazi, na ukiumia humo ndani ni ajali ya kazi ya kawaida, unalindwa vilevile.

Namna ya kusafiri hawaangalii. Miguu, baiskeli, skuta ya umeme, basi, treni, gari lako, gari la rafiki, yote sawa. Na sio lazima njia iwe fupi kuliko zote, kama kuna foleni au barabara imefungwa au ile ndefu ndiyo ya haraka, pita huko. Ajali hata kama kosa lilikuwa lako, ulikuwa na haraka ukavuka taa nyekundu, hilo peke yake halikuondolei kinga, polisi watakushughulikia kivyao lakini matibabu yapo. Kinachoua kesi ni pombe na madawa, ikionekana ajali ilitokea kwa sababu ya ulevi. Kwa dereva wa gari pombe ya 1.1 promile (sehemu kwa elfu) kwenye damu wanahesabu hafai kabisa kuendesha, kwa baiskeli ni 1.6, na hata chini ya hapo wakiona uliyumba kwa sababu ya pombe unaweza kukosa. Kwa hiyo umetoka kwenye sherehe ya ofisini umekunywa, panda treni.

Hapa kwenye kusimama njiani ndipo watu wanapoumia, soma taratibu. Kinga ipo kwenye njia yako ya moja kwa moja. Ukichepuka kwa mambo yako, kinga inalala. Umetoka shifti saa nane mchana ukaingia supamaketi kununua mchele na kuku, mle ndani ukiteleza sio Wegeunfall. Ukitoka na mifuko yako ukarudi kwenye njia yako ya siku zote, kinga inaamka tena, ila sharti hizo shughuli zako zisichukue zaidi ya masaa mawili. Ukizidisha masaa mawili, umekaa mgahawani na washkaji mpaka usiku, basi safari ya kazi imeisha na kinachofuata ni safari ya binafsi mpaka mlangoni kwako. Na kujaza mafuta nako wanasema ni jambo la binafsi, mahakama kuu ya masuala ya jamii, Bundessozialgericht, ilishaamua hivyo mwanzoni mwa 2020, kwa hiyo hata kama taa ya mafuta imewaka njiani, pale kituoni uko kwa hesabu yako mwenyewe.

Ila kuna michepuko ambayo sheria yenyewe imeiruhusu na wazazi hasa muijue. Kumpitisha mtoto chekechea au kwa mlezi ili wewe uweze kwenda kazini, hata kama ni upande mwingine kabisa wa mji, unalindwa. Kupitia kumchukua mfanyakazi mwenzio mnaochangia gari, unalindwa. Tangu 2021 hata anayefanyia kazi nyumbani akienda kumpeleka mtoto chekechea na kurudi moja kwa moja, analindwa. Na kama hukulala kwako, ulilala kwa mchumba au kwa ndugu yako mji wa pili ukatokea huko kwenda kazini, napo unaweza kulindwa, hiyo hiyo mahakama iliamua 2020 kwamba umbali ukiwa mrefu kuliko wa siku zote sio sababu ya kukunyima, cha muhimu huko uwe ulikaa angalau saa mbili na safari yako kweli ilikuwa ya kwenda kazini.

Mapumziko ya mchana nayo yamo. Kutoka kazini kwenda kula au kununua chakula cha kula hapo hapo na kurudi, njia inalindwa, ila kule kula kwenyewe hakulindwi, ukijimwagia supu ya moto mezani ni yako. Wa kufanyia kazi nyumbani kuna ile kesi ya 8 Desemba 2021, jamaa alitoka kitandani kwenda kwenye meza yake ya kazi ghorofa ya chini asubuhi, akaanguka kwenye ngazi za ndani ya nyumba yake, na mahakama ikasema ni ajali ya kazi kwa sababu alikuwa anaenda kuanza kazi kwa mara ya kwanza siku ile. Zingatia hilo la kuanza kazi, angepitia jikoni kwanza kunywa chai habari ingekuwa nyingine.

Sasa ajali imetokea, unafanyaje.

Maisha kwanza, piga 112 upate ambulansi, na kama kuna gari limehusika piga 110 polisi waje waandike. Kama unaweza kushika simu, piga picha mahali penyewe, barafu, shimo, namba ya gari, saa ionekane. Kama kuna mtu ameona omba jina na namba yake hapo hapo, watu wa huku ni wasaidizi lakini wakishaondoka hutawapata tena. Tunza tiketi ya treni ya siku ile, na kwenye simu piga skrinshoti ya ratiba yako ya shifti, sababu itakuja kuonyesha kwamba saa ile ulikuwa na safari ya kwenda kazini.

Hospitali ukifika, sentensi ni hii, iandike kwenye simu yako leo kabla hujaihitaji: "Das war ein Wegeunfall. Ich war auf dem Weg zur Arbeit." Yaani, hii ni ajali ya njiani, nilikuwa naenda kazini. Kama ulikuwa unarudi, malizia "auf dem Heimweg von der Arbeit". Iseme mapokezi, irudie kwa nesi, irudie kwa daktari, na hata kama Kijerumani chako bado kinachechemea usiache kuisema. Wakishasikia hivyo watakuuliza jina na anwani ya mwajiri wako na watakupeleka kwa daktari anayeitwa Durchgangsarzt, kwa kifupi D-Arzt. Huyu ndiye aliyeidhinishwa kushughulikia ajali za kazi, na ni lazima umwone kama hutaweza kufanya kazi kesho yake au kama matibabu yataenda zaidi ya wiki. Hospitali nyingi zenye idara ya dharura wanaye. Ukienda kwa daktari wako wa familia kwanza atatakiwa akutume huko huko, kwa hiyo nenda moja kwa moja. Na usimwambie "naumwa mkono tu" wakati goti na mgongo pia vinauma, kila kinachouma kitaje siku ile ile kiandikwe, maumivu yanayotajwa kwa mara ya kwanza baada ya wiki sita ni magumu sana kuyaunganisha na ajali.

Mpigie bosi au msimamizi wa shifti mapema iwezekanavyo, na mwambie wazi ni ajali ya njiani, sio unaumwa tu. Kisha mtumie ujumbe wa maandishi, hata wa mistari miwili, ubaki na ushahidi. Ukishindwa kufanya kazi zaidi ya siku tatu, mwajiri analazimika kuripoti kwa bima ndani ya siku tatu tangu ajue. Bima yenyewe ni vyama vinavyoitwa Berufsgenossenschaft, BG, vimegawanywa kwa sekta, manesi na wahudumu wa wazee kwenye taasisi binafsi na za mashirika mara nyingi mko BGW, ile BG ya sekta ya afya, hospitali za serikali ziko kwenye Unfallkasse, bima ya ajali ya upande wa serikali. Kama umeumia kidogo tu na umeendelea na kazi, dai iandikwe kwenye kitabu cha huduma ya kwanza pale kazini, wanatakiwa kukitunza miaka 5, kidonda kidogo kikija kuwa kikubwa una pa kuanzia.

Utakutana na msimamizi anayesema "usisumbuke, lete tu cheti cha ugonjwa cha kawaida". Usikubali. Na mwambie kwa heshima kwamba ajali za njiani hata haziingizwi kwenye ile hesabu ya kumwongezea mwajiri michango ya BG, kwa hiyo hana anachopoteza. Akigoma kuripoti, andikia BG mwenyewe, unaruhusiwa, na D-Arzt naye anapeleka ripoti yake. Najua wengi tunaogopa, mtu anafikiria viza, anafikiria mkataba, anaona bora anyamaze. Kuripoti ajali sio kosa na hamna anayekufungulia shitaka kwa hilo. Na hata mkataba wa kazi ukija kuisha, haki zako za ile ajali hazifi nao.

Baada ya wiki kadhaa BG inaweza kukuletea fomu ya maswali, ulitoka nyumbani saa ngapi, unapita njia gani siku zote, ulisimama wapi, kwa nini. Hii fomu ndiyo kesi yenyewe. Usiijaze usiku umechoka kwa kutumia programu ya tafsiri peke yake. Kaa na mtu anayejua lugha vizuri, chukua ramani, andika ukweli mtaa kwa mtaa, kama ulisimama duka la mkate dakika tano sema dakika tano na sema ulisharudi barabarani ndipo ukagongwa. Usiongopee, wakigundua uongo mmoja mdogo hata ukweli wako mkubwa hawatauamini. Piga kopi ya kila karatasi kabla hujaituma.

Pesa sasa. Matibabu yote ya ajali hiyo BG inalipa, dawa huchangii ile euro 5 mpaka 10 ya kawaida, kulala hospitali huchangii, mazoezi ya viungo yamo, nauli za kwenda matibabu wanarudisha, na kama huwezi kurudi kwenye kazi yako ya zamani wanaweza kukulipia mafunzo ya kazi nyingine. Mshahara, wiki 6 za mwanzo mwajiri anaendelea kukulipa kamili. Baadaye inakuja Verletztengeld, malipo ya aliyeumia, asilimia 80 ya mshahara ghafi ila isizidi ule unaoupokea mkononi, na inaweza kwenda mpaka wiki 78. Linganisha na ugonjwa wa kawaida ambako bima ya afya inatoa asilimia 70, utaona kwa nini nasisitiza iandikwe ajali ya kazi. Na wageni sikilizeni hapa: wiki 4 za kwanza kwenye kazi mpya mwajiri halazimiki kukulipa mshahara ukiumwa. Kwa ajali ya njiani, Verletztengeld inaanza kukulipa kipindi hicho hicho, hubaki mikono mitupu.

Kama ulemavu umebaki, uwezo wako wa kazi umepungua kwa asilimia 20 au zaidi na hali hiyo imevuka wiki 26 tangu ajali, unapata pensheni ya kila mwezi, na ukiamua kurudi nyumbani Tanga au Kisumu inakufuata huko huko. Mtu akifariki, mjane au mgane na watoto wana pensheni. Na wazazi pia, hili halisemwi sana. Kama marehemu alikuwa anawatunza wazazi kwa kiasi kikubwa kutokana na mshahara wake, na wao kweli walikuwa wahitaji, wanaweza kupewa pensheni, asilimia 20 ya kipato chake cha mwaka kwa mzazi mmoja, 30 kwa wazazi wote wawili. Kwetu ambao kila mwisho wa mwezi tunatuma nyumbani hili sio jambo dogo, kwa hiyo zile risiti za kutuma pesa usizifute, ziweke folda moja na mwambie mtu wa familia ziko wapi.

BG hailipi simu iliyopasuka, baiskeli wala gari, na hailipi fidia ya maumivu. Hizo unadai kwa aliyekugonga kupitia bima ya gari lake, ndio maana namba ya gari na ripoti ya polisi ni muhimu, na kwa hilo tafuta wakili wa ajali za barabarani.

Wakikataa, barua itakuja kwa posta, Bescheid, na una mwezi 1 tu tangu uipokee kupinga, usiiache kwenye droo ukisubiri mtu wa kukutafsiria. Andika mistari miwili ya kuzuia muda usiishe, "Hiermit lege ich Widerspruch gegen den Bescheid vom" (yaani napinga uamuzi wa tarehe), weka tarehe ya barua yao, namba ya faili, kisha "Die Begründung folgt" (sababu zitafuata), saini kwa mkono, tuma kwa posta ya rejista. Imeili ya kawaida haitoshi. Sababu utazipeleka baadaye ukishapata msaada, na msaada upo, chama cha wafanyakazi kama ver.di kwa manesi, au mashirika ya kutetea haki za kijamii, VdK na SoVD, ambao kwa ada ndogo ya uanachama wanakusimamia kesi. Wakikataa tena, una mwezi mwingine 1 kwenda Sozialgericht, mahakama ya masuala ya jamii, ambako mlalamikaji kama wewe halipi ada ya mahakama.